Viti Viwili vya Laurentine, Sehemu ya Tisa: Gavana wa Muda

Karatasi zilikuwa mbili, na jina lake lilikuwa kwenye zote mbili.

Mliokuwa nasi Jumamosi mlimwona Laurentine Mwelwa, mbunge wa jimbo, akiichana bahasha sebuleni kwa Mzee Alexis, mwenyekiti wa chama chake. Macho hayakumdanganya. Karatasi ya kwanza ilimtaja kuwa makamu wa gavana. Ya pili ilimtaja kuwa waziri wa ardhi. Hakuna iliyokuwa na sahihi.

"Chama ilipata nafasi mbili," Mzee Alexis alisema. "Moja ni ya weye, Honorable. Kura ya makamu iko Siku ya Tano, na bawaziri batatajwa ile siku ile ile. Lakini gavana anataka majina leo. Chagua mbele ya saa tisa."

"Na ile ingine?"

"Ingine itaenda kwa Guelor."

Laurentine aliketi bila kukaribishwa.

Guelor! Kabla ya kuvaa tai ya siasa, Guelor alikuwa wakili wa ile kampuni ya madini inayoimezea mate Kasungami, mashamba ya mboga kule pembeni ya Lubumbashi. Miaka mitatu kampuni inaitaka ardhi ile. Miaka mitatu familia zaidi ya mia mbili hazilali usingizi mzima, na mojawapo ni ya Lydie, mdogo wake Laurentine wa tumbo moja. Kampuni ilikuwa imekosa kitu kimoja tu: amri yenye sahihi ya waziri wa ardhi.

"Baba Alexis, weye ungechukua nini?"

Mzee alivua miwani, akaiangalia kana kwamba jibu lingekuwa limeandikwa kwenye kioo.

"Makamu eko mukubwa. Ni gavana, kisha yeye. Akipita, bantu banasimama. Waziri akipita, bantu banamukimbilia na madossier, na makarata yabo. Niko mu siasa miaka makumi tatu, na mupaka leo sijue gani njo inaitwa bukubwa."

Mlango ukafunguka bila hodi. Ni Guelor mwenyewe, suti ya buluu, shingo imelowa jasho. Kwa kawaida hasemi sentensi tatu bila Kifaransa. Siku hiyo Kifaransa chote alikiacha nje.

"Mama Laurentine, nakulomba. Chukua makamu. Uko na miaka, uko na heshima, bantu banakupenda. Niachie miye wizara."

"Juu ya nini unaitaka vile?"

"Juu ya kazi tu, mama. Paka kazi."

Laurentine alifundisha shule miaka kumi na sita kabla ya kuingia bungeni, na aliujua uso wa mtu anayetaka kitu kupita kiasi.

Alizitia karatasi zote mbili mkobani.

"Saa tisa," alisema, akatoka.

*

Nyumbani, mumewe Caleb alikwisha kuzipata habari. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati jeupe saa nne ya asubuhi, yeye ambaye tangu aachishwe kazi ya reli hakuona sababu ya kuvaa shati kabla ya mchana.

"Makamu wa gavana!" alisema kabla mkewe hajavua viatu, akimwita kwa jina la binti yao. "Mama Gaëlle, uko nasikia ile jina? Motokari tatu. Polisi ku mulango. Kila fête, kila sherehe, unakaa mustari wa mbele!"

"Na kisha ya fête, makamu anafanya nini?"

"Anapumuzika."

"Baba Gaëlle, nauliza kabisa. Makamu anatia signature ku nini?"

"Mukubwa hatiake signature. Bantu njo banamutilia." Caleb alicheka peke yake. Alipoona mkewe hacheki, akavuta kiti. "Sikia. Bawaziri beko kumi. Leo unawekwa, kesho unatoshwa, hata haukukunja pazia ya bureau. Makamu eko moja. Na gavana akienda, nani anabakia? Makamu. Waziri anabakia paka waziri."

"Gavana haendi popote. Alichaguliwa juzi."

Caleb alikohoa, akaangalia pembeni.

"Guelor akikaa mu ile wizara," Laurentine alisema polepole, "siku ya kwanza anawafukuza bantu ba Kasungami. Lydie ataenda wapi?"

"Lydie! Kila siku Lydie!" Caleb alipiga meza, sahani ya mboga ya sombe ikaruka. "Na miye? Miaka saba bananiita 'bwana ya Honorable'. Ku misa, ku matanga, hata ku kinyozi. Jina yangu balisha kuisahau. Ukikuwa makamu, miye niko bwana ya makamu, bataniuliza hata mawazo. Ukikuwa waziri, nitakuwa nini? Muchungaji wa foleni ku mulango!"

Laurentine alimtazama. Walikuwa wameoana miaka ishirini na mbili. Hakuwahi kumsikia akiyasema hayo, na sasa aliona kuwa alikuwa ameyaweka moyoni muda mrefu, yakachacha.

"Caleb," alisema, na hilo jina tupu lilimshtua hata yeye mwenyewe. "Hauko mutu wa kusahaulika."

"Basi chukua makamu."

Laurentine alichukua funguo za gari. Ilikuwa saa nne na nusu.

*

Mtu mmoja tu angeweza kumwambia ukweli, naye aliishi Kipushi, karibu na mpaka wa Zambia. Mzee Adalbert aliwahi kuwa waziri wa ardhi miaka miwili na miezi minane. Laurentine alimkuta nyuma ya nyumba akifunga nyanya kwenye vijiti, suruali imekunjwa mpaka magotini.

Alimweleza yote. Adalbert alisikiliza huku vidole vikiendelea kufunga.

"Wakati yangu," alisema hatimaye, "mu corridor yangu kila asubuhi bantu makumi ine. Bachef, bapadri, bacommerçant ba soko, bamama na batoto ku mugongo. Ku mulango wa makamu? Polisi moja, analala. Makamu mwenyewe alikuwa anakuya kwangu kunywa chai juu hakukuwa na mutu wa kuzungumuza naye."

"Basi wizara ni muzuri."

"Sikusema ni muzuri." Aliacha nyanya. "Kila kintu unatia signature, jina yako inabakia pale. Kuko mama moja, namukutanaka ku misa, kila Siku ya Mungu. Nilitia signature, bakavunja nyumba yake. Balinionyesha makarata yote, ilikuwa sawa kabisa. Sikuenda kuangalia. Ningeenda kuangalia, mutoto wangu!"

Ng'ambo ya ua mtu alikuwa akitwanga.

"Hanitukane," aliendelea. "Hata mara moja. Anakuya kunipa mukono wa amani kama wengine, ananiangalia paka. Makamu hana mutu anamuangalia vile. Hakufanya mabaya, hakufanya muzuri. Analala."

"Ungekuwa miye, baba?"

"Ningechukua kalamu," Adalbert alisema. "Na ningeogopa."

Simu ya Laurentine ikalia. Lydie! Sauti yake ilikuwa juu, kelele za watu nyuma yake.

"Yaya, dada yangu! Bantu ba kupima ardhi bamefika! Banapaka rangi nyekundu ku milango! Hata ku yangu, yaya. Nauliza ni ya nini, banasema mungoje waziri mupya!"

Laurentine tayari alikuwa akielekea garini.

"Usiongee nabo," alisema. "Waziri mupya unamujua."

*

Saa tisa kasoro dakika kumi alikuwa mbele ya Mzee Alexis. Alitoa karatasi ya pili, akaiweka mezani, akailaza kwa kiganja.

"Wizara ya ardhi."

"Bibi, uko hakika? Makamu haitakurudilia tena."

"Niko hakika."

Guelor, aliyekuwa amesimama dirishani, alishika kichwa kwa mikono miwili. Akatoka barazani bila kuaga. Kupitia kioo Laurentine alimwona ameegemea nguzo, mgongo umeelekea nyumba, mabega yakitikisika.

Alidhani analia. Karibu amhurumie.

Ijumaa, ile Siku ya Tano, bunge la jimbo likapiga kura, na Guelor akawa makamu wa gavana. Saa mbili baadaye gavana akasoma orodha ya mawaziri. Caleb alikuja kwenye sherehe, akapigwa picha moja, akaondoka kabla ya vinywaji.

Jumamosi, wizarani, Laurentine hakungoja hata pazia lifunguliwe. Aliketi, akaagiza karatasi yenye nembo, akaandika amri ya kwanza ya maisha yake: kwa muda wa mwaka mzima, mtu yeyote asiondolewe kwa nguvu Kasungami. Akatia sahihi. Mkono ulikuwa mzito, lakini mstari ulitoka mnyoofu.

Mchana akina mama wa Kasungami walijaa uani, mafungu ya mboga ya lengalenga kichwani, wakipiga vigelegele mpaka askari wa mlangoni naye akacheka. Lydie alimkumbatia dada yake akamchafua suti kwa udongo mwekundu.

"Yaya, tutalala leo," alimnong'oneza. "Kwanza mu miaka tatu."

Walilala siku tatu.

*

Jumanne asubuhi, saa mbili na nusu, katibu aliingia mbio, hakubisha hodi.

"Excellence, umesikia radio? Gavana ameitwa Kinshasa kwa mashauriano. Aliondoka na ndege ya kwanza."

"Anarudi lini?"

"Hawakusema."

Laurentine alisimama. Hakuhitaji kuuliza swali lililofuata, lakini aliuliza.

"Na nani anashika jimbo?"

"Makamu, Excellence. Ni gavana wa muda tangu saa moja."

Maneno ya Caleb yalimpiga kifuani. Gavana akienda, nani anabakia? Kabla hajavuta pumzi, simu ya mezani ikalia. Protokali, watu wa itifaki wa gavana. Gavana wa muda anamtaka waziri wa ardhi. Sasa hivi.

Guelor hakusimama alipoingia. Suti ile ile ya buluu, lakini shingo ilikuwa kavu kabisa.

"Madame le ministre. Ikaa."

Siyo "Mama" tena.

"Ulijua," Laurentine alisema, akiwa amesimama.

"Wiki mbili. Niko na rafiki ku Kinshasa." Alitabasamu. "Ningekuambia 'chukua wizara', ungechukua makamu. Nikakulomba uchukue makamu. Weye ni mwalimu, madame, unapenda kumunyima mutoto kintu analilia."

Basi kumbe pale barazani alikuwa akicheka!

"Unataka nini?"

"Futa ile arrêté, ile amri yako ya Kasungami. Na mukono yako."

"Weye ni gavana wa muda. Ifute weye. Weka jina yako pale."

"Jina yangu haitaenda pale." Guelor aliinamia mbele. "Unaona, ulifikiri kalamu njo bukubwa. Bukubwa ni kukaa penye kalamu inalomba ruhusa. Lakini leo hata ruhusa haina kazi. Arrêté yako inasema mutu asitoshwe kwa nguvu, hapana? Basi. Hakuna nguvu. Benyewe balikubali."

Akasukuma karatasi mezani. Orodha ndefu, majina mia mbili na kumi na nne, kila jina na sahihi. Juu yake maandishi ya Kifaransa: sisi wakaaji wa Kasungami tunakubali kwa hiari yetu kuondoka.

Jina la kwanza lilikuwa Mwelwa Lydie.

Laurentine aliinua karatasi karibu na macho. Ile L yenye mkia mrefu. Yeye mwenyewe alimfundisha Lydie kuichora, jikoni kwa mama yao, kwa mkaa juu ya sakafu. Haikuwa ya kughushiwa. Ilikuwa ya Lydie.

"Mashine inaingia saa ine," Guelor alisema, akirudi kwenye makaratasi yake. "Aksanti kwa kukuya."

Saa ya ukutani ilisema tatu na dakika kumi.

*

Koridoni alimpigia Lydie simu.

"Yaya! Nilikuwa nataka kukupigia! Mashine iko ku barabara, na polisi..."

"Lydie. Ulitia signature ku karatasi?"

"Karatasi gani? Ile yako?"

"Yangu?"

"Ile ulituma Siku ya Mungu, nyuma ya misa. Siye bote tulitia. Ilikuwa mu Kifaransa, hatukusoma. Shemeji alisema ni liste ya bantu weye utachunga, basifukuzwe."

Laurentine, aliyekuwa tayari akielekea mlangoni, akasimama.

"Shemeji gani, Lydie?"

"Uko na mabwana ngapi, yaya? Caleb!"

Nje, dereva wake alikuwa amesimama mikono mitupu. Gari limeitwa gereji, alisema bila kumtazama usoni, ni amri ya protokali. Laurentine hakubishana. Alisimamisha pikipiki ya abiria, akapandisha sketi, akakaa.

"Kasungami. Kimbia."

Akiwa njiani alipiga simu ya Caleb mara nne. Mara nne ililia mpaka ikakatika.

Aliposhuka, vumbi la Oktoba lilikuwa limemfunika kuanzia nywele mpaka viatu. Tingatinga la manjano lilikuwa limesimama mwanzo wa mashamba, injini ikinguruma. Polisi ishirini hivi. Akina mama upande wa pili, wengine na majembe, na mbele yao wote Lydie, ameketi chini kabisa katikati ya njia, miguu ameinyoosha, kana kwamba yuko nyumbani kwake anachambua mboga.

Mlango wa gari la serikali ukafunguka. Akashuka Caleb. Suti mpya. Beji kifuani. Faili kwapani.

"Baba Gaëlle," Laurentine alisema.

"Hapa niko mukurugenzi wa bureau ya gavana, Excellence." Sauti ilikuwa kavu, lakini jicho lilikuwa likipepesa. "Tangu leo asubuhi."

"Ile njo bei yako? Beji?"

"Ni jina yangu!" Caleb aligusa kifua. "Soma. Caleb. Haiandikwe 'bwana ya mutu'. Guelor njo alikumbuka kama niko na jina."

"Ungeniambia, ningekusikia."

"Nilikuambia. Ulichukua funguo, ukaenda Kipushi."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini tingatinga lilikuwa likinguruma, na Lydie alikuwa chini.

Laurentine akageukia akina mama, akapaza ile sauti ya darasa la watoto sitini.

"Bamama! Ile karatasi mulitia signature Siku ya Mungu, balisema ni ya nini?"

"Ya kutuchunga!" walijibu kwa pamoja.

"Balisema inatoka kwa nani?"

"Kwa weye! Kwa waziri!"

"Mumesikia, Commandant?" Akamgeukia ofisa wa polisi, mtu mnene mwenye kitambaa shingoni. "Bantu habakukubali. Balidanganywa. Arrêté yangu iko na nguvu. Rudisha ile mashine."

"Na miye nasema iingie," Caleb alisema. "Ni neno ya gavana wa muda."

Ofisa alifuta uso. Akamwangalia waziri, akamwangalia mkurugenzi. Mke na mume. Polisi wake nao walikuwa wakimwangalia yeye.

"Excellence," alisema hatimaye, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kwa dhati, "gavana wa muda na waziri. Miye nasikilia nani?"

"Sikilia sheria," Laurentine alisema.

"Sheria inanipigiaka simu, Excellence? Bakubwa njo bananipigiaka." Akashusha pumzi. Kisha akaita kwa jina askari wawili, akawaonyesha kwa kidevu.

Askari wakatembea. Lydie alifumba macho, akashika udongo kwa mikono miwili.

Wakampita.

Wakampita na Caleb.

Wakaja wakasimama mbele ya Laurentine, mmoja kulia, mmoja kushoto.

"Nisamehe, Excellence," ofisa alisema, akitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni. "Balituletea hii mbele hatujatoka. Kuko mashitaka. Banasema waziri alidanganya bakaaji ba Kasungami, akatuma karatasi mu jina yake, batie signature bila kujua. Nilikuwa siamini." Akageuka taratibu, akawatazama akina mama ambao dakika moja iliyopita walikuwa wamepiga kelele kwa kauli moja. "Lakini sasa nimesikia na masikio yangu. Bashahidi beko mia mbili."

Mama mmoja akaacha jembe lidondoke. Lydie alifumbua macho.

Laurentine hakumwangalia ofisa. Alimwangalia mumewe. Na alichokiona hakukitarajia: uso wa Caleb ulikuwa umepauka kabisa, midomo imekuwa ya kijivu. Huyu mtu hakulijua hili. Alikuwa ameuza mashamba ya watu, alikuwa amemuuza shemeji yake, lakini mkewe kutiwa pingu hakuambiwa.

"Hapana," Caleb alisema. "Hapana, haikuwa vile. Guelor alisema utatoshwa paka mu wizara. Alisema..."

"Baba Gaëlle." Sauti ya Laurentine ilikuwa chini, kila mtu akaisikia. "Sema kwa commandant. Sema mbele ya hawa bamama. Nani alileta ile karatasi?"

Wote wakamgeukia. Ofisa, askari, dereva wa tingatinga aliyekuwa amezima injini bila kuambiwa. Lydie alinyanyuka, udongo ukimdondoka viganjani, akaja mpaka hatua moja mbele ya shemeji yake.

"Sema, shemeji," alisema. "Miye nitasema. Lakini miye niko muuza-mboga. Banataka kusikia mutu wa suti."

Caleb alifungua mdomo.

Simu yake ikalia. Aliiangalia mkononi, na wote waliokuwa karibu waliliona jina kwenye kioo: Guelor.

Alimtazama mkewe kati ya askari wawili. Aliitazama beji yake.

Akaipokea simu.